Mwaka Mmoja wa Kutafuta

Liège, 14 Septemba 2024

Papa mupendwa,

Nimemaliza. Jina letu limesomwa mbele ya watu mia tatu, na mwalimu aliyelisoma hakukosea hata herufi moja, maana asubuhi nilikwenda ofisini kwake kumfundisha namna ya kulitamka. Sasa mimi ni mhandisi wa mashine na umeme, na karatasi yenye muhuri inasema hivyo. Namwomba Mama, akishaisoma hii kwenye simu yake, aende pale duka la fotokopi karibu na soko akutolee kwenye karatasi, na jibu lako alipige picha anitumie, kama kawaida.

Watu wa Likasi watakuuliza kama narudi. Uwajibu hivi. Kadi yangu ya mwanafunzi, ile inayoniruhusu kukaa hapa, inaisha tarehe 31 Oktoba. Zamani kadi ikiisha, mwanafunzi alifunga sanduku akaenda. Siku hizi sheria ya hapa Ubelgiji inampa aliyemaliza masomo miezi kumi na miwili ya kutafuta kazi, si zaidi, na lazima aombe kabla kadi ya zamani haijaisha. Mimi nimeshaomba. Ndani ya mwaka huo naweza kufanya kazi yoyote. Lakini ili nibaki baada yake, lazima nipate mwajiri wa kazi inayolingana na diploma, atakayenipa mkataba na mshahara usiopungua kiwango walichoweka, na yeye ndiye aniombee kibali. Mimi mwenyewe siruhusiwi kujiombea.

Nitampata. Nataka miaka mitatu au minne ya kazi ya kweli kwenye mashine za maji, mikono ipate grisi. Diploma isiyo na grisi haitamsaidia mtu yeyote, hapa wala huko.

Jambo moja la mwisho. Nimekupigia simu mara sita tangu Juni. Kila mara Mama ndiye anajibu: umetoka, umelala, uko shambani. Papa, mtu anayelala kiasi hicho ni mgonjwa au amekasirika. Kama umekasirika kwa sababu sirudi sasa, uniandikie wazi, nijue.

Mutoto wako,
Arlette


Likasi, 2 Oktoba 2024

Arlette mwanangu,

Mimi si mgonjwa wala sikukasirika. Simu ni kitu cha kuulizia bei ya unga. Mambo makubwa nayataka kwenye karatasi, niyasome mara ya pili na ya tatu, niyatie kwenye kitabu cha nyimbo niende nayo kanisani. Mama yako aliposoma habari za diploma alicheza uani akiwa na sufuria ya mboga ya sombe mkononi, na nusu ya sombe ililiwa na bata wa jirani.

Umesema vizuri juu ya grisi. Miaka thelathini na mmoja niliyolinda mashine kwenye santrali yetu ndogo ya umeme kule Lufira, hakuna aliyenipa karatasi ya kuniita mhandisi. Niliitwa fundi Étienne. Lakini mashine ilipogoma, wahandisi wenye karatasi walikuja kusimama nyuma yangu na kungoja. Weye sasa una karatasi. Nenda uchukue na ile nyingine, ya grisi.

Sheria yao nimeielewa. Ni sheria ya haki, inasema tarehe yake mapema. Mtu akijua tarehe anajua namna ya kutembea. Usikubali kazi ya kwanza kwa sababu ya woga. Uniambie ni mashine za aina gani utapata, maji yanaanguka kutoka urefu gani, na nani alizitengeneza.

Papa yako,
Étienne


Liège, 12 Januari 2025

Papa mupendwa,

Heri ya mwaka mpya. Nimepata kazi! Usiwe na wasiwasi tena.

Naanza saa kumi alfajiri, wakati mji wote umelala na theluji haijakanyagwa na mtu. Kuna mashine kubwa tatu, mbili za kuzunguka na moja ya moto. Wenzangu ni wanne, watu wazuri, na mkubwa wetu anasema nina mikono yenye nguvu kuliko wanaume wake. Saa nane mchana niko huru, naenda maktaba kuandika maombi mengine, kwa sababu nataka kusonga mbele zaidi.

Nimekonda kidogo lakini nguo zangu bado zinanikaa. Mwambie Mama ninakula.

Nilipiga simu Krismasi. Mama alisema uko kanisani. Ilikuwa saa tatu ya usiku.

Arlette


Likasi, 9 Februari 2025

Arlette mwanangu,

Mashine tatu! Barua yako imefika na tangu hapo sikai chini. Alphonse, unamkumbuka, niliyefanya naye zamu miaka kumi na tisa, nilimpelekea karatasi mpaka nyumbani kwake. Aliisoma akaivuta karibu na macho akaisoma tena. Anauliza mbona mashine ya moto iko pamoja na mbili za kuzunguka. Je, ni santrali ya mvuke? Mimi nilimwambia labda wanapasha mafuta ya mashine kwa sababu ya baridi yao. Tumebishana nusu siku kwa kuchora chini na kijiti.

Jumapili nilimwambia pasta. Alimsimamisha Mama yako mbele ya kanisa lote, na watu wakanyoosha mikono juu. Wasichana wawili wa sekondari walikuja kwangu baadaye na daftari, wanataka kujua ulisoma nini.

Sasa unijibu kwa utaratibu. Zile mbili za kuzunguka, mhimili wake umesimama au umelala? Unazunguka mara ngapi kwa dakika? Maji yanatoka mto gani? Na huyo mkubwa wako ameshaanza kuomba kibali? Usimwache mpaka Septemba. Karatasi za serikali zinatembea kama kobe, hata za Wazungu.

Papa yako,
Étienne


Liège, 2 Machi 2025

Papa,

Nimesoma maswali yako siku kumi bila kupata namna ya kuyajibu, kwa hiyo nitasema kweli.

Ni mikate. Mashine mbili za kuzunguka zinakanda unga. Ya moto ni tanuri. Sikuandika neno hata moja la uongo, na barua nzima ilikuwa uongo. Nilijua utafikiria nini, nikakuacha ufikirie.

Sioni haya kwa ajili ya mikate. Ninaifanya vizuri, na imenilisha tangu Novemba. Haya yangu ni kwa Mama aliyesimamishwa kanisani, na kwa wale wasichana wenye daftari. Na mikate hainipi kibali, Papa. Mwenye duka angependa nibaki, lakini kazi yake haihesabiwi kwa diploma yangu. Nimetuma maombi arobaini na tatu. Kampuni kubwa zinauliza swali lilelile: "Una ruhusa ya kufanya kazi?" Nasema ninayo, ya mwaka huu. "Na baada ya hapo?" Nasema baada ya hapo ni nyinyi mtaomba. Hapo wananishukuru kwa heshima nyingi, na sioni barua yao tena.

Usifikiri nimekata tamaa. Bado miezi minane, na ninajua ninachokijua. Nimepata jina la mtu mmoja, bwana Lambert, mwenye kampuni ya watu kumi na mmoja tu. Wanafufua mashine ndogo za umeme za zamani kwenye mito ya huku. Hakuijibu barua yangu. Mwezi ujao nitakwenda kwake kwa miguu yangu.

Lakini na weye uniambie ukweli. Miezi tisa hukushika simu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba mutoto wake atakuja kumwaibisha. Kama ni hivyo, andika.

Arlette


Likasi, 20 Machi 2025

Arlette,

Jumapili nilisimama kanisani nikiwa nimevaa koti. Nikasema: "Ndugu zangu, niliwaambia mutoto wangu anaendesha santrali. Nilikosea. Anatengeneza mikate, na bado anatafuta. Mumwombee kwa jambo la kweli." Nikakaa. Mama yako hakuniangalia mpaka tulipofika nyumbani, halafu alinipikia samaki wa ziwa Tshangalele, mkubwa, peke yangu. Basi hilo limekwisha.

Kwa mikate sikuhukumu. Baba yangu aliuza samaki waliokaushwa na moshi ili mimi nisome ufundi. Kwa ile barua ya Januari nilikuhukumu siku tatu, na siku ya nne niliacha, kwa sababu ya mambo yangu mwenyewe ambayo si ya leo.

Kwa huyo Lambert usianze na diploma. Watu wa kampuni ndogo wameona diploma nyingi. Umwombe akuoneshe mashine inayomsumbua. Kila fundi ana moja. Ukishaiona, ndipo utajua kama ni mtu wa kufanya naye kazi, na yeye atajua habari zako.

Juu ya simu, tuache.

Étienne


Liège, 30 Mei 2025

Papa mupendwa,

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimkuta Lambert chini ya lori lake, miguu tu ndiyo ilionekana. Nikaiambia miguu: "Bwana, mimi ni mhandisi, naomba unioneshe mashine inayokusumbua kuliko zote." Miguu ikaanza kusogea. Halafu akatoka, akajipangusa, akasema, "Zipo mbili. Unataka mbaya au mbaya zaidi?"

Nimeacha mikate. Niko kwake kwa majaribio tangu katikati ya Aprili, mpaka mwisho wa Juni. Kama nitamfaa, ataomba kibali.

Na sasa ile mbaya zaidi iko mikononi mwangu. Ni turbini ya mwaka 1931 kwenye mto Ourthe, mhimili umesimama wima, inazunguka mara mia moja themanini kwa dakika. Waliifufua miaka miwili iliyopita, wakaisafisha, wakaipaka rangi. Maji yakiwa mengi inakwenda kama saa. Yakipungua kufika nusu, jengo lote linatetemeka, vikombe vinatembea mezani. Wenzangu wawili wanasema gurudumu linalozungushwa na maji limepinda na lazima mashine ifunguliwe yote. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu, na mwenye santrali amechoka. Lambert ameniuliza mbele ya wote: "Na wewe unasemaje?" Nikamwambia anipe siku kumi.

Papa, weye ulikuwa ukisimama mlangoni tu na kusema mashine ina nini. Nimerekodi sauti yake, dakika nne, na nimemtumia Mama kwenye simu. Uisikilize. Uniambie ni nini. Najua utajua.

Arlette


Likasi, 1 Juni 2025

Arlette mutoto yangu,

Ni minye, Mama. Papa yako iko anaandika tangu asubui, hajakula hata kitu. Ile sauti ulituma, nilimuwekea simu ku sikio. Akafunga macho. Akasema "ni muzuri," halafu akaniangalia vile sijaona siku yote ya ndoa yetu. Usipige simu leo. Minye nilikudanganya mwaka muzima sababu aliniapisha, na hii roho yangu imechoka. Ungoye barua yake.

Mama Clotilde


Likasi, 1 Juni 2025

Arlette mwanangu,

Sauti yako sikuisikia.

Mama yako aliweka simu sikioni, nikasubiri ianze, na yeye akanionesha kwa kidole kwamba imeshaisha. Sikio la kulia lilikwisha kabla hujasafiri. La kushoto lilinifuata mwaka jana, mwezi wa Juni, pole pole, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba moja moja. Hakuna wa kulaumiwa. Walitupa vifuniko vya masikio. Tulivivua wenyewe, mimi na Alphonse, ili tuisikie mashine vizuri.

Ndiyo sababu ya simu. Haikuwa hasira. Niliona aibu. Nilitaka ubaki na sauti ya baba anayejibu, badala ya baba anayesema "nini? nini?" kwenye simu ya bei ghali. Ulipoandika kwamba barua yako nzima ilikuwa uongo bila neno la uongo, nilijua mutoto huyu ni wangu kabisa.

Sasa kazi. Siku zako kumi zinakwenda. Mashine husikiwa hata kwa mkono, na mikono yangu bado inajua, kwa hiyo fanya hivi.

Weka kiganja kwenye palie ya juu, yaani kile kiti cha chuma kinachoshika mhimili. Mhimili uchore alama ya chaki. Tazama chaki, hesabu mapigo mkononi. Kama mkono unapigwa mara moja kila chaki inapopita, basi chuma kimepinda, na wenzako wamesema kweli, mfungue. Lakini kama unapigwa mara moja wakati chaki imepita mara tatu au nne, acha chuma. Hayo ni maji. Yakiwa nusu, maji yanayotoka chini ya gurudumu hujisokota kama kamba na kupigapiga ukuta wa bomba la kutokea. Jengo linatetemeka, na gurudumu ni zima.

Ikiwa ni hivyo, tafuta pua. Mashine za umri huo zilizaliwa na bomba dogo la kuvuta hewa mpaka chini ya gurudumu. Sisi tuliliita pua. Hewa ikiingia, ile kamba inakatika na mashine inatulia. Umeandika kwamba waliisafisha na kuipaka rangi. Mtu anayepaka rangi akiona tundu linalonyonya hewa, anafikiri ni kasoro, analiziba. Tafuta chini ya rangi.

Usiwaambie wenzako mpaka umehesabu. Hesabu mara tatu.

Papa yako,
Étienne


Liège, 19 Juni 2025

Papa yangu,

Nilianza kuandika juu ya masikio yako nikachana karatasi mara mbili. Nitakuambia kwanza ya mashine, kwa sababu ndiyo utakayoitafuta.

Pigo moja kwa mizunguko mitatu na nusu. Nilihesabu mara tatu, na mara ya nne nikamwita Lambert aweke kiganja chake pembeni ya changu. Tulisimama hivyo kama watu wanaoapa. Alihesabu kimyakimya, halafu akasema, "Siyo gurudumu." Nikasema siyo. "Basi ni nini?" Nikamwambia tutafute bomba dogo la hewa.

Tulilipata baada ya saa mbili, nyuma ya ngazi, chini ya matabaka manne ya rangi ya kijani. Mtu alikuwa amelifunga kwa kizibo cha chuma na kukichomelea vizuri sana. Tulikikata. Mashine ilivuta pumzi, Papa, nilihisi hewa inaingia kwenye vidole vyangu. Lambert akashusha maji mpaka nusu. Tukangoja. Kwenye palie nilisimamisha sarafu kwa ubavu wake, na ilibaki imesimama.

"Nani alikufundisha hivi?" akaniuliza.

"Papa yangu."

"Ni mhandisi?"

"Ni fundi. Ameniambia yote kwa barua."

Akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akavua kofia.

Siku ya pili aliniita ofisini. Alikuwa tayari ameandika mkataba, na kwenye mkataba nilikuwa msaidizi wa ufundi, eti kwa mwanzo tu, tutabadilisha baadaye. Nilimrudishia karatasi. Nilisema: "Bwana Lambert, kwa jina hili ofisi ya vibali itakataa, na kabla yao nakataa mimi. Kazi niliyofanya jana ilikuwa ya mhandisi. Andika mhandisi, na mshahara wa mhandisi kama sheria inavyotaka, au niache niendelee kutafuta." Alinitazama, akauliza kiwango cha sheria ni kiasi gani, nikamwonesha ukurasa. Akaandika upya. Maombi ya kibali yatakwenda mwanzoni mwa Julai.

Sasa ya masikio. Sina neno la kukulaumu, na mimi nilikuwa naoka mikate kwa siri. Lakini nimekuwa na baba mwenye hasira mwaka mzima, na baba huyo hakuwepo. Nilikuwa namjibu kila siku njiani. Ninaomba jambo moja, na ninaliomba kama mhandisi: uende Lubumbashi kwa daktari wa masikio. Ingekuwa mashine, usingekubali mtu aiache hivyo bila hata kuihesabu mapigo.

Arlette


Likasi, 3 Agosti 2025

Arlette mwanangu,

Nimekwenda. Daktari ni mwanamke wa umri wako, anaandika maswali kwenye ubao mdogo, mwandiko mbaya. Sikio la kulia amelikataa. La kushoto anasema kifaa kinaweza kulisaidia kidogo, si kwa maneno yote, ila kwa mlango na mbwa na jina langu. Nimekubali. Kitachukua miezi kadhaa kufika.

Sasa najua Mama yako alivyochoka. Tunaandikiana kwenye daftari moja la mezani. Nimegundua ana maneno makali sana kwa maandishi.

Mkataba ulioukataa, nilimwonesha Alphonse mahali hapo kwenye barua yako kwa kidole. Sisi hatukuwahi kurudisha karatasi ya mkubwa. Uniandikie kibali kikifika.

Étienne


Liège, 9 Oktoba 2025

Papa mupendwa,

Hakijafika. Mwaka wangu unaisha baada ya siku ishirini na mbili. Agosti ofisi ilitaka nakala ya diploma iliyothibitishwa, tukapeleka. Septemba wakataka maelezo ya kazi yangu, kurasa mbili. Niliandika sita, na Lambert akapunguza zikawa mbili akisema wataogopa.

Samy, yule wa Kakanda aliyesoma na mimi hapa, ananishauri nijiandikishe tena shule yoyote, nipate kadi ya mwanafunzi, ninunue muda. Yeye amefanya hivyo mara mbili. Nilimwambia hapana. Mimi si mwanafunzi tena, na sitajiita nisivyo mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Nimetoa kilichotakiwa, kwa jina langu na kwa kazi yangu. Wakisema ndiyo, nabaki. Wakisema hapana, nitakuja na ninachokijua, na najua Lufira ina mashine.

Sanduku sijalifunga. Asubuhi naamka, nakwenda kazini. Leo tulikuwa kwenye mto mwingine, kwa ile mashine ya pili ya Lambert, ile mbaya kidogo. Shida ilikuwa mafuta tu.

Arlette


Liège, 23 Oktoba 2025

Papa,

Wamekubali. Barua ilifika kwa Lambert asubuhi, naye hakusubiri nifike. Alikuja mpaka mtoni na buti za mvua, akanipa ikiwa wazi. Imeandikwa jina letu, halafu neno moja: mhandisi. Kadi mpya nitaichukua juma lijalo kwenye komini, ofisi ya mji. Kibali kinanifunga kwa kampuni hii kwa sasa, na muda ukiisha kinaombwa tena, kwa hiyo tarehe bado zipo. Nimezizoea. Desemba nina likizo ya majuma matatu, na tiketi nimeshaikata. Nataka unioneshe Lufira, si kwa maneno.

Mutoto wako,
Arlette


Likasi, 28 Oktoba 2025

Arlette mwanangu,

Kila mwisho wa mwezi sisi wazee wa santrali tunakutana kwa Alphonse, tuliobaki ni tisa. Jana nilikwenda na barua yako. Nilivaa shati jeupe. Sikuwaambia kitu mapema, kwa sababu mara ya kwanza niliwaambia mapema mno.

Nilisimama katikati nikawasomea yote. Ya mto, ya buti za mvua, ya jina letu, na lile neno moja. Sijui nilisoma kwa sauti kubwa au ndogo, siku hizi siwezi kupima. Nikasoma na kwamba tarehe bado zipo, maana sitaki tena kuficha nusu. Nilipomaliza niliikunja barua, nikaitia mfukoni, ndipo nikainua macho.

Midomo yote ilikuwa inasema kwa pamoja. Sikusikia hata neno. Nilimwona Alphonse, ambaye goti lake halimruhusu, ameshika mkono wa kiti, anajiinua. Halafu Fidèle. Halafu Damas. Halafu wote walikuwa wamesimama.

Papa yako,
Étienne